Mkupuo wa Tatu

Jumamosi, 28 Juni

Mvua tangu alfajiri. Nimeanza kuandika daftari hili kwa sababu nisipoandika nitampigia mtu kelele, na mtu mwenyewe ni Mjomba Choji, kaka yake Mama. Hapa Zawan hakuna anayempigia kelele Mjomba Choji. Nusu ya watu wazima wa kijiji hiki aliwafundisha kuzidisha na kugawanya kwa fimbo, na hadi leo wakikutana naye njiani wanaficha mikono nyuma.

Jana nimemaliza mtihani wa kumaliza sekondari. Kwa mara ya tatu. Ndiyo, ya tatu, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalizane. Nataka kusomea udaktari wa mifugo. Chuo kinataka masomo matano: Kiingereza, hesabu, fizikia, kemia na baiolojia, yote kuanzia C kwenda juu. Mwaka wa kwanza nilipata manne, fizikia nikala F tisa, daraja la mwisho kabisa, maana mwalimu wa fizikia alihamia Abuja katikati ya muhula na hakuna aliyekuja kushika chaki yake. Mwaka wa pili nikarisiti yote. Fizikia nikapata B, baiolojia A, lakini Kiingereza nilikifanya nikitetemeka na malaria, nikaambulia D saba. Ukiweka matokeo yote mawili pamoja, masomo matano yamo. Nilimwambia Mjomba hivyo mwaka jana.

"Kuunganisha?" akaniuliza, utadhani nimemwambia naenda kanisani na gauni la kulalia. "Suruali ya viraka? Udaktari unaingiwa na matokeo mazima, Kangyang. Mkupuo mmoja. Nimeuliza."

Kasema ameuliza, mimi ni nani nibishe? Nikakaa nyumbani mwaka mzima, nikarisiti tena. Mtihani wa kuingilia chuo nao nimeurudia Aprili, huo nimeupita vizuri na haunisumbui. Kinachonisumbua ni hiki cha sekondari, na matokeo hayatoki mpaka Agosti.

Jumatano, 2 Julai

Mvua. Viazi.

Ijumaa, 11 Julai

Viazi tena. Tunavivuna kwenye tope, na karibu nusu vimeoza. Mama ananiambia nichague vizuri nisimtilie vibovu kapuni. Vinanuka kiasi kwamba kuchagua hakuna haja ya macho.

Kuna habari kwamba homa ya nguruwe imeingia vijiji vya ng'ambo ya mto. Hiyo haina dawa wala chanjo. Ikiingia bandani inamaliza. Nguruwe wa Mama ndio karo yetu, na yupo jike mmoja mkubwa tunayemwita Madam ambaye ana mimba. Nimeweka beseni la maji ya dawa mlangoni kwa banda, na nimetangaza kwamba kila anayeingia akanyage humo kwanza. Kila mtu ananiona kichaa.

Leo Mjomba kaja moja kwa moja kutoka mnadani, na viatu vyake vimejaa uchafu wa huko.

"Mjomba, viatu."

"Viatu vyangu vina nini?"

"Vimetoka mnadani, kwenye nguruwe wa watu."

"Na mimi nimetoka mnadani. Nivue na ngozi?"

Nilisimama mlangoni nikatandaza mikono. Akasema yeye alifuga nguruwe kabla mama yangu hajaota meno. Nikamwambia homa haijui umri wa mtu. Mama akaniita kwa jina langu lote, la ubatizo likiwemo, kumaanisha nimevuka mpaka. Jirani yetu, Ngo Rifkatu, alikuwa ameegemea ukuta akitafuna karanga. Akadakia, "Mwacheni daktari afanye kazi. Ila daktari wa mkupuo upi huyu, wa kwanza au wa pili?"

Nilitamani kumtumbukiza yeye kwenye hilo beseni. Mjomba hakuingia bandani, lakini hakukanyaga dawa pia. Aliondoka akisema watoto wa siku hizi.

Jumanne, 15 Julai

Mvua ya mawe. Mahindi ya Mama yamelala chini yote. Mjomba amekuja kutuambia kwamba mwaka 1986 ilinyesha kubwa zaidi. Asante, Mjomba.

Alhamisi, 7 Agosti

Matokeo yametoka.

Mdogo wangu Chundung alifanya mtihani huo huo mwaka huu, mara yake ya kwanza. Yeye anataka uuguzi. Tulikwenda wote Bukuru, kwenye kafe ya intaneti ya Istifanus, ambaye kila mtu anamwita Injinia ingawa hajawahi kusomea uinjinia hata siku moja. Mjomba alitufuata bila kualikwa, na mwavuli wake.

Tukaanza na Chundung. Masomo yote. Kwa mkupuo mmoja, mtoto ambaye nilikuwa namwamsha kwa kumvuta mguu ili asome! Mjomba akampa mkono kama mtu mzima. Nami nilifurahi, nasema kweli, nilimkumbatia. Kisha Injinia akaandika namba yangu, ukurasa ukazunguka, ukazunguka, jenereta ikakohoa, nikafumba macho.

"Kiingereza B," akasema Injinia. "Fizikia B. Hesabu C. Baiolojia A, angalia huyu! Kemia..."

Akasogeza uso karibu na skrini.

"Kemia nini?"

"D saba."

Nilimsukuma nikatazama mwenyewe. D saba. Kemia! Somo ambalo nilishalifaulu mara mbili! Nikakumbuka ule mtihani wa maabara: dawa ya kubadilisha rangi iliisha kabla ya zamu yetu, nikakaa natazama chupa ya maji meupe yasiyobadilika, msimamizi akasema andikeni mnachokiona. Niliandika nilichokiona. Sikuona kitu.

Mwaka wa kwanza fizikia, wa pili Kiingereza, wa tatu kemia. Ni kama kuziba paa linalovuja. Ukiziba hapa, linavuja pale, na anayelowa ni mimi tu.

Njiani Chundung alijaribu kunishika mkono, nikauvuta. Mjomba hakusema neno hadi nyumbani. Kwa Mjomba hiyo ni maombolezo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeshinda bandani. Nguruwe hawaulizi mtu maswali.

Jumatatu, 11 Agosti

Mjomba amekuja asubuhi sana, na amechangamka. Nilijua kuna balaa. Akaketi, akapewa uji wa acha, ile nafaka yetu ndogo, akaumaliza, akapanguza mdomo.

"Nimefikiri," akasema. "Una matokeo matatu. Kila somo umelifaulu mara mbili au zaidi. Mbili! Kuna mtoto gani mwingine amefaulu fizikia mara mbili? Tutawapelekea yote matatu."

"Si ulisema viraka?"

"Viwili ni viraka. Vitatu ni ushahidi."

Nami, mjinga wa wajinga, nikaona ina maana. Hata Mama alitikisa kichwa kukubali. Mtu akifaulu somo mara mbili si amefaulu zaidi kuliko aliyelifaulu mara moja?

Tukaenda kwa Injinia. Alinifungulia akaunti kwenye tovuti ya maombi kwa barua pepe yake na namba ya simu yake, "ili usihangaike, sista." Hivyo ndivyo anavyofanya kwa kila mtu. Nusu ya wanafunzi wa Bukuru wanaishi ndani ya simu ya Injinia. Tovuti ikauliza mikupuo mingapi. Mjomba, amesimama nyuma yetu mwavuli ukimchuruzika, akajibu kwa sauti ya darasani: "Mitatu!" Wateja wengine wakageuka. Injinia akajaza mitatu.

Jumapili, 17 Agosti

Mvua. Mchungaji ameombea "watoto wetu wanaosubiri." Ngo Rifkatu aligeuka akanitazama kabisa kabisa, ili asiwepo wa kukosea kwamba ni mimi.

Jumatano, 27 Agosti

Ng'ambo ya mto wamezika nguruwe wote. Wote. Sasa watu wanne wamekuja kuniuliza ile dawa ya beseni ni gani. Mjomba si mmoja wao.

Jumanne, 2 Septemba

Ngoja niandike taratibu, nisije nikatoboa karatasi kwa hasira.

Jana jioni Injinia alinitumia ujumbe uliotoka kwenye tovuti: maombi yangu hayakidhi vigezo. Basi. Hakuna sababu wala nini. Leo nimepanda gari la kwanza nikaenda chuoni mwenyewe, bila kumwambia mtu isipokuwa Mama. Safari nzima mvua inaingia dirishani, na nimepakata bahasha yangu kama mtoto mchanga.

Ofisi ya udahili ina dirisha dogo, na nyuma yake mama mmoja mwenye kilemba cha kijani anakula kosai, maandazi ya kunde. Nilisubiri amalize la kwanza. Akamaliza la pili.

"Shikamoo Mama. Naomba kuuliza, maombi yangu yamekataliwa, na nina masomo yote."

Akaandika namba yangu kwenye kompyuta yake, akatazama, akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Binti yangu, umeleta mikupuo mitatu. Unasoma au unakusanya?"

"Nilidhani, kwa kuwa nimefaulu kila somo mara mbili..."

"Hakuna aliyekuomba mara mbili. Hapa tunapokea mikupuo isiyozidi miwili. Ukiweka wa tatu, kompyuta inakutema, hata mimi sikuoni. Tangazo hilo hapo nyuma yako."

Nikageuka. Lilikuwepo ubaoni, limefifia, kona moja imekunjika, pini imeshika kutu. Mikupuo isiyozidi miwili. Nilisoma mara nyingi, nikitumaini litabadilika.

"Tangazo hili ni la mwaka huu?"

"Mwaka huu? Mimi nimehamia ofisi hii nikalikuta. Mwaka wa tatu sasa."

Nilishika kile kidirisha. Miwili. Mwaka jana nilikuwa na miwili! Mwaka jana, siku ile nilipomwambia Mjomba, nilikuwa na kila kitu walichotaka, mkononi, kwenye bahasha hii hii. Sasa hivi ningekuwa ndani ya lile jengo, mwaka wa kwanza, nimevaa koti jeupe.

Yule mama alisukuma sahani yake pembeni. "Usinililie dirishani, bado kuna nafasi. Nenda kaondoe mmoja, ubaki na miwili, kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na mbili. Ikipita hapo, tukutane mwakani."

Mwakani! Mtihani wa kuingilia chuo unaisha nguvu kila mwaka, kwa hiyo mwakani naanza upya. Baba, ambaye analinda nyumba za watu Abuja na kurudi Krismasi tu, alishasema kwenye simu: huu ndio mwisho, nikikosa niolewe au nikauze viazi. Alisema kwa upole, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempigia kelele Mjomba Choji.

Nilimkuta barazani kwake anasikiliza redio. Sikukaa.

"Mjomba, ulimuuliza nani?"

"Kuhusu nini?"

"Mwaka jana. Ulisema umeuliza, ni mkupuo mmoja tu. Ulimuuliza nani?"

Akapunguza sauti ya redio. "Mambo mengine hayaulizwi. Yanajulikana."

"Kwa hiyo hukuuliza."

"Kangyang, unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu aliyekula mwaka wangu mzima! Tangazo lipo ukutani, Mjomba, limeota kutu! Mikupuo miwili wanapokea! Nilikuwa nayo! Na mwaka huu ukaniongezea wa tatu, wamenitema! Ushahidi, ushahidi, ushahidi wa nini, kesi gani?"

Watu walitoka nje. Ngo Rifkatu alitoka na sufuria mkononi. Mama alikuja mbio, kitenge kimemlegea, akanivuta mkono huku akimwomba kaka yake msamaha kwa niaba yangu. Nikamwambia asiombe. Mjomba hakunyanyuka. Nilitegemea fimbo, matusi, chochote. Alikaa tu akazungusha kile kitufe cha redio hadi ikazimika.

Sijuti. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba sikujuta.

Alhamisi, 4 Septemba

Kafe imefungwa! Karatasi mlangoni: "Nimekwenda msibani. Nitarudi." Lini, hajasema. Akaunti yangu ina barua pepe yake, na ili kuingia, namba za siri zinatumwa kwenye laini yake. Nimempigia hadi simu yangu imepata moto. Hapatikani. Kijana wa duka la jirani anasema Injinia kafiwa na bibi yake, kwao ni mbele ya Pankshin, huko mtandao ni wa kupanda mlimani, na barabara imekatwa na maji.

Nimejiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeweka maisha yake kwenye laini ya mwenzake. Jibu ni sisi sote. Chundung naye yumo humo humo, ila yeye maombi yake hayana kasoro.

Jumamosi, 6 Septemba

Hapatikani. Mvua. Simsemeshi Mjomba, naye haji kwetu, ila Mama humpelekea chakula na habari zangu zote. Mama anasema nyumba imekuwa kimya kama ya matanga.

Jumapili, 7 Septemba

Madam amekataa kula. Niliingia bandani nikamkuta amelala ubavu, masikio ya moto. Nilidhani ndiyo homa. Nikamkagua tumbo, masikio, macho, hakuna wekundu. Nikachungulia kwenye chombo chake: viazi vibovu vya kutosha kuua ng'ombe. Mama "alimwonea huruma." Nimemwambia Mama akimwonea tena huruma nitaandika kwa Baba. Jioni Madam amekunywa maji.

Jumatatu, 8 Septemba

Hapatikani.

Jumanne, 9 Septemba

Mama kapeleka chakula kwa Mjomba akakuta mlango una kufuli. Mwavuli haupo. Hakuna aliyeagwa. Ngo Rifkatu anasema alimwona alfajiri barabarani amevaa mabuti ya mpira, na alipomsalimu hakujibu. Mama ameanza kulia, na ananitazama mimi.

Jamani, mzee wa miaka sabini anasusa kama mtoto mdogo! Nilikuwa na hasira, sasa nina hasira na hofu juu, na hofu yenyewe inanikasirisha zaidi.

Jumatano, 10 Septemba

Mjomba haonekani. Injinia hapatikani. Mvua haikomi. Zimebaki siku mbili. Nimefua kila kitu ndani ya nyumba hii na hakuna kilichokauka.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa nane mchana pikipiki imeingia uani ikiwa na watu watatu, wote rangi moja, rangi ya tope. Wa mbele dereva. Wa katikati Injinia, amekumbatia begi. Wa nyuma Mjomba Choji, mwavuli umevunjika mbavu zote, buti moja tu mguuni.

"Panda," akaniambia.

"Mjomba, buti lako..."

"Limebaki mtoni. Panda nimekwambia, kafe ifunguliwe!"

Injinia alinieleza tulipofika Bukuru, huku akifuta tope kwenye kibodi. Mzee alifika msibani kwao juzi jioni, kwa miguu kutoka pale barabara ilipokatika, na alivushwa mto kwa kubebwa mgongoni. Akawapa pole wafiwa wote mmoja mmoja, akala ugali wa msiba, kisha akasimama katikati ya watu akasema: nimekuja kumchukua huyu. "Sista, hata shangazi zangu walimwogopa," akasema Injinia. "Waliniambia nenda, bibi atakuelewa."

Mtandao ulikuwa chini. Tukakaa tukisubiri, mimi na Mjomba benchi moja, maji yanamchuruzika hadi sakafuni. Nilitaka kusema asante lakini hasira ilikuwa bado mbichi. Yeye ndiye aliyeanza, bila kunitazama.

"Mwaka sabini na nne nilikwenda chuo, nataka sheria. Nilikuwa na vyeti viwili, kama wewe. Karani alivitazama akavirusha juu ya meza, kimoja kikaanguka. Akasema lete kimoja kizima, hapa si kwa fundi cherehani. Watu walikuwa wamejaa foleni, wakacheka. Niliinama kukiokota." Akakamua kofia yake. "Sikurudi. Nikawa mwalimu. Sikutaka uiname."

Ningependa kuandika kwamba hasira iliisha, lakini haikuisha, ilipungua tu.

"Ungeuliza, Mjomba," nikasema.

"Ningeuliza," akakubali.

Sijawahi kumsikia akikubali jambo tangu nizaliwe.

Mtandao ukarudi. Namba za siri zikaingia kwenye simu ya Injinia, naye akafungua ukurasa wangu. Mikupuo yote mitatu imepangwa hapo, mmoja chini ya mwingine.

"Tunatoa upi?" akauliza. Kisha akachukua kikokotoo, akajumlisha alama za kila jozi. Jozi zote zinakamilisha masomo matano. Lakini iliyo bora kuliko zote ni wa kwanza na wa pili.

Wa kwanza na wa pili, ile ile niliyokuwa nayo mwaka jana. Nilicheka hadi Injinia akaogopa.

"Nipishe, natoa mwenyewe," nikasema. Nikaweka mshale juu ya mkupuo wa tatu. Asubuhi zote zile za kuamka saa kumi, koroboi ikiniunguza nyusi. Baiolojia A. Ile chupa ya maji meupe. Tovuti ikauliza: una uhakika? Niliumia, nasema wazi, niliumia kama ninazika. Nikabonyeza. Mwaka mzima ukafutika kabla sijainua kidole.

"Imekubali," akasema Injinia.

Mjomba alikuwa amegeukia ukutani.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimempigia yule mama wa dirishani. "Sasa nakuona," akasema. Nilisahau hata kuaga.

Jumamosi, 20 Septemba

Madam amezaa. Wote wazima, na kelele zao usipime. Mjomba ana mafua tangu arudi kutoka Pankshin, na hakubali kwamba ni mafua.

Jumanne, 30 Septemba

Usaili. Wazee watatu na feni iliyoharibika. Wakauliza homa ya nguruwe inaingiaje bandani. Nikasema kwa viatu vya watu wasioambilika. Mmoja wao akatazama viatu vyake.

Jumatano, 22 Oktoba

NIMECHAGULIWA. Udaktari wa Mifugo. Si kilimo, si misitu, si "tutakubadilishia kozi." Injinia alipiga simu akilia, mwanaume mzima. Mama alikimbia uani na ufagio mkononi, hajui anakwenda wapi. Baba kwenye simu alivuta kamasi, kisha akasema, "Basi viazi atauza nani?" nikajua anafuta macho.

Nilikwenda kumwambia Mjomba mwenyewe. Akasema, "Naam." Akaongeza sauti ya redio.

Naam! Nimerudi nyumbani nikipiga mawe teke.

Jumapili, 2 Novemba

Leo ilikuwa shukrani ya mavuno. Mvua imekoma kabisa, vumbi limeanza. Kila nyumba ilipeleka mbele ilichovuna: mahindi, acha, maboga, kuku wamefungwa miguu. Sisi tulipeleka viazi vichache vilivyosalimika na kitoto kimoja cha Madam, ambacho kilipiga kelele wakati wote wa zaburi.

Zamu ya Mjomba ikafika. Hakuwa na gunia wala kapu. Alitembea hadi mbele na suti yake ya kijivu, akatoa mfukoni karatasi tatu, akavaa miwani. Nikazitambua kwa mbali. Nakala za matokeo yangu. Chundung akanishika paja. "Usiniambie," nikamnong'oneza, "usiniambie atasoma."

Akasoma! Kwa sauti ya darasani, somo kwa somo, mbele ya kanisa zima. "Mkupuo wa kwanza. Kiingereza, B. Hesabu, B. Kemia, B. Baiolojia, B. Fizikia, F tisa." Hakuruka. Alitamka F tisa kama anavyotamka Amina. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijificha nyuma ya kofia ya Mama. "Mkupuo wa pili," akaendelea, hadi kwenye D saba ya malaria. Akaziweka karatasi hizo mbili juu ya rundo la maboga. "Kwa hizi mbili amechaguliwa kuwa daktari."

Vigelegele. Nikadhani yamekwisha, nikapumua.

Yeye akainua ya tatu.

"Hii hawakuihitaji," akasema. Sauti ikapungua, watu wa nyuma wakainuka kusikia. "Hii niliitaka mimi. Mwaka mzima aliibeba kwa ajili yangu, ikafutwa. Naileta hapa kwa sababu hakuna mahali pengine itakaposomwa." Akaisoma yote. Kiingereza B. Fizikia B. Hesabu C. Baiolojia A. Kemia, D saba.

Aliyeanza kupiga makofi ni Ngo Rifkatu. Kisha kanisa zima, kwa D saba! Nililia kwa kelele kumzidi kitoto cha Madam, na nilikuwa nimekasirika hadi masikio kwamba hakuniuliza kwanza.

Jioni Mjomba alikuja kuwaona watoto wa Madam, bado na suti na viatu vyake vya kanisani. Nilikuwa bandani nafagia. Alifika mlangoni, akatazama beseni, akanitazama mimi, akakunja suruali. Akatumbukiza mguu mmoja, kisha wa pili.

"Inatosha, daktari?"

Ilishatosha tangu mguu wa kwanza. Lakini yeye alinisimamisha mwaka mzima.

"Bado, Mjomba," nikasema. "Simama kidogo."

Akasimama.